Alama za Juu za Maricela

Dakta Whitlock alijiona bingwa wa kuingia katika nyumba za Walatino. Alijua kwamba hupaswi kukataa kahawa, hupaswi kutazama saa, na kwamba mkate mtamu kutoka duka la Wasalvador hupokewa kwa furaha kuliko maua. Yote hayo aliyaandika mwenyewe katika mwongozo wa utafiti wake, na wenzake chuoni walimsifu kwa jinsi anavyoheshimu mila za watu. Basi Jumamosi moja ya Januari 1999 alisimama na mfuko wake wa mkate mbele ya fleti moja huko Lanham, msaidizi wake akiwa nyuma. Akabisha hodi, akaandaa tabasamu na salamu ya Kihispania. Mlango ukafunguliwa na mwanamke wa Kipare aliyejifunga kanga kiunoni.

Msaidizi alitazama tena namba ya mlango.

"Samahani," Dakta Whitlock alisema, akirudi kwenye Kiingereza. "Tunaitafuta familia ya Maricela."

"Ndiyo hii."

"Aa. Na wewe unawasaidia kazi za nyumbani?"

"Mimi ni mke wa baba yake," alisema Vumilia. "Vueni viatu, zulia limesafishwa jana."

Wakavua. Katika mwongozo hapakuwa na ukurasa wa mke wa Kitanzania, kwa hiyo daktari aliona heri aendelee kana kwamba mke mwenyewe hayupo. Alimpitia pembeni, akamwendea mwenye nyumba na kumshika mkono kwa mikono yake miwili.

Mwenye nyumba, Ovidio, alikuwa fundi wa kupaka rangi, mtu wa mabega mapana aliyewaogopa wasomi kama wengine wanavyoogopa polisi. Alikuwa amesugua vidole asubuhi nzima kwa dawa ya kuondolea rangi, na bado kucha zake zilikuwa na ukingo mweupe. Alikaa kwenye ncha ya kiti, katika sebule yake mwenyewe, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Vumilia alileta chai ya tangawizi. Daktari akainywa yote, kwa sababu mwongozo ulikataza kubakiza, kisha akamwuliza Ovidio kama kinywaji hicho ni cha kijijini kwao. Ovidio hakuwa na mazoea ya kumpinga mtu aliyesoma. Akasema ndiyo.

Akaitwa Maricela. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Alikuwa ameletwa na baba yake kutoka El Salvador mwezi wa sita uliopita, na kabla ya hapo alilelewa na bibi yake, mama wa Ovidio. Alikuja, akakaa pale alipoonyeshwa, akaweka mikono mapajani. Nywele zake hazikuwa zimechanwa, na sweta alilovaa lilikuwa lile lile la wiki nzima.

"Utafiti wetu unaangalia jambo moja tu," daktari alieleza, kwanza kwa Kihispania cha vitabuni, kisha kwa Kiingereza. "Kijana wa Kilatino anaamini kiasi gani kwamba anaweza kuikabili huzuni yake? Vipimo vya zamani vilitengenezwa kwa watoto wa Kizungu. Sisi tumetengeneza cha kwenu. Tumetia familia ndani yake, tumetia heshima, tumetia imani." Alizungumza kama mtu anayetaja viungo vya keki. "Desemba tuliwahoji vijana wote wa Kilatino shuleni kwake, na binti yenu amepata alama za juu kuliko wote."

"Amefaulu?" aliuliza Ovidio.

"Si mtihani." Daktari akacheka. "Lakini ukipenda, ndiyo, amefaulu. Hapa hakuna wasiwasi wa sonona. Huyu ni kijana anayejiamini."

Ovidio alimtazama binti yake kama anamwona mara ya kwanza. Tangu afike Marekani, mtoto huyu hakuwa amefaulu kitu chochote. Vumilia naye alimtazama, kuanzia nywele mpaka soksi, akamgeukia daktari aone kama anatania. Hakuwa anatania.

"Unajisikiaje leo, Maricela?" daktari aliuliza.

"Vizuri, daktari. Asante, daktari."

"Mnaona?" alisema Dakta Whitlock.

*

Jumatatu jioni Vumilia alikuwa jikoni, simu kaibana kati ya sikio na bega, anakata vitunguu. Upande wa pili alikuwa Honorata, Mhaya mmoja wa Annandale waliyekuwa wakisali naye katika ibada ya Kiswahili, mwanamke mkubwa kwake kwa miaka michache na kwa maneno mengi. Kati ya jiko na sebule hapakuwa na ukuta. Maricela alikuwa amelala kwenye kochi, uso umeelekea mgongo wa kochi.

"Usiniulize habari, dada," alisema Vumilia. "Mzigo wangu uko hapa sebuleni, umelala toka uliporudi shule."

"Bado haogi?"

"Mpaka nimfokee. Nikimwambia kula, anakula. Nikimwambia amka, anaamka. Hajanijibu vibaya hata siku moja, angenijibu ningejua nafanya nini. Ni gogo. Unalisukuma, linabiringika, linatulia. Eti daktari anasema ndiye mwenye uwezo kuliko wote."

Honorata alicheka. "Wazungu hao. Mdogo wangu, mimi nilikuambia. DC nzima hii, umeacha kina Anatoli, watu wenye kazi za ofisini, unakwenda kuokota fundi rangi asiyejua hata salamu ya kwetu, tena na toto lake. Mrudishe kwa bibi yake."

"Bibi yake si amekufa? Nilikuambia tangu Novemba."

"Uliniambia?"

"Kwenye yale mafuriko ya kimbunga. Mto umepita na nyumba."

"Labda uliniambia. Watu wanakufa wengi," alisema Honorata. "Na mtoto anasemaje?"

"Mtoto hajui. Baba yake hataki ajue mpaka shule zifungwe mwezi wa sita. Anamwambia simu za kule zimeharibika."

"Na wewe umekubali?"

"Mama si wangu, mtoto si wangu. Nitakataa kama nani?"

"Hapo umesema. Ya Walatino waachie Walatino."

Vumilia alikata simu akiwa na moyo mwepesi kidogo, kama ilivyokuwa kila mara baada ya kumsema mtu. Alikuwa karani katika kliniki ya macho hapo Lanham, mwenye cheti cha chuo na gari lake mwenyewe, na hakuwa na desturi ya kunung'unika mbele ya watu. Mbele ya Maricela alinung'unika kwa nafasi, kwa sababu alikuwa akinung'unika kwa Kiswahili.

*

Shule ilipiga simu kazini kwa Vumilia, kwa sababu namba ya Ovidio haikupokelewa. Sauti ya mwanamke ilisema kwamba Maricela hajaonekana darasani tangu Krismasi, isipokuwa siku mbili tatu.

"Haiwezekani," alisema Vumilia. "Kila asubuhi anatoka na begi lake."

"Anatoka, mama. Lakini hapa hafiki."

Aliomba ruhusa, akaingia kwenye gari. Alimkuta haraka kuliko alivyotegemea, katika stesheni ya New Carrollton, pale reli inapoishia, kwenye benchi karibu na mabasi. Begi lilikuwa mapajani. Midomo ilikuwa ikicheza kidogo, kama ya mtu anayesali au anayefanya hesabu. Vumilia alimwita mara moja tu. Msichana akasimama, akamfuata mpaka kwenye gari, akafunga mkanda bila kuambiwa.

Ovidio aliporudi aliambiwa kabla hajavua viatu. Alikaa mezani, akamsimamisha binti yake mbele yake.

"Kwa nini?"

Maricela alitazama soksi zake.

"Mimi nikiwa na umri wako nilikuwa nachuma pamba ya watu. Sikuulizwa kama nina huzuni. Wewe unapewa shule, unapewa kitabu, unapewa basi, unakwenda kukaa stesheni kama mlevi. Ungekuwa mgonjwa ningeelewa. Lakini daktari amekuja hapa, amekaa pale, amesema unaweza kuliko wote. Amesema au hakusema?"

"Amesema, papá."

"Basi unaweza au huwezi?"

"Naweza, papá."

"Umesikia?" Ovidio alimwambia mkewe. "Anaweza. Ni kutotaka."

Vumilia alikuwa amefikia uamuzi huo huo tangu kwenye gari, na hakuupenda uliposemwa na mtu mwingine.

Shule nayo ilikuwa imefikia hapo hapo. Barua ilikuja ya kumwita mzazi Upper Marlboro, kwenye ofisi ya wilaya inayoshughulikia watoro, na ilieleza kwamba mwanafunzi ameshapimwa katika utafiti na kuonekana hana tatizo, kwa hiyo kutohudhuria kwake kunahesabiwa kuwa ni kwa makusudi. Ovidio aliisoma polepole. Vibali vyake vya kuishi vilikuwa vya muda, na kila jengo lenye bendera mbele lilimtia jasho.

"Nenda wewe," alimwambia mkewe. "Wewe unajua kuongea."

*

Kabla ya siku hiyo Vumilia alikwenda chuoni kwa Dakta Whitlock. Alivaa koti lake zuri. Alikuwa na wazo jepesi: yule aliyesema mtoto ana uwezo, basi aseme pia kwa maandishi kwamba huenda hana, ili mtoto asifikishwe mahakamani.

Alisubiri nje ya mlango mpaka wanafunzi waliokuja nyuma yake wakaingia na kutoka. Ukutani palikuwa na vinyago vya Meksiko, na kitambaa cha Guatemala, na picha ya daktari akiwa amewakumbatia watoto waliochoka.

"Siwezi kuandika barua kama hiyo," alisema Dakta Whitlock. "Matokeo ni ya utafiti tu. Sielewi hata yalifikaje shuleni."

"Ulituambia mwenyewe sebuleni. Naona na shule mliwaambia."

"Niliwaambia walimu kwa jumla, kuwatia moyo." Daktari alirekebisha miwani. "Na nikuambie ukweli, Bibi… samahani, jina lako. Kipimo hiki tumekijaribu kwa uangalifu sana. Kinaheshimu utamaduni wenu."

"Wetu upi?"

Daktari akatabasamu kama mtu anayesamehe. "Labda hapo ndipo penye ugumu. Kijana wa Kilatino anategemea sana familia yake kumpa nguvu. Anapokuwa katika nyumba yenye, tuseme, utamaduni mwingine, anaweza kuonyesha tabia fulani. Je, umewahi kufikiria kwamba pengine chanzo ni mazingira ya nyumbani?"

Vumilia alielewa vizuri sana. Alikuwa amefika kuomba barua, akapewa kosa.

Alipewa pia karatasi ya namba za simu za wataalamu. Alizipiga zote kwa simu ya kazini. Waliopokea walisema subiri mpaka kiangazi. Aliporudi nyumbani alimkuta msichana kwenye kochi na kwa mara ya kwanza alimchukia hasa, kwa jina na kwa sura, kwa sababu ya namna alivyoitwa "mazingira" kwa ajili yake.

*

Ofisa wa Upper Marlboro alikuwa mzee mweusi mwenye sauti ya taratibu, na faili za watoto zilikuwa zimejaa meza yake mpaka hakuwa na mahali pa kuweka kikombe.

"Wewe ni mama yake?" aliuliza.

"Mimi ni…" alisema Vumilia.

"Mlezi kisheria?"

"Hapana. Ni…"

"Mke wa papá," alisema Maricela, akimsaidia. Ofisa akaandika. Vumilia aliona jinsi kalamu ilivyochukua nafasi ndogo.

Maswali yalikuwa machache. Kuna anayekuonea shuleni? Hapana, bwana. Unatumia dawa zozote? Hapana, bwana. Unaweza kurudi shuleni kesho? Ndiyo, bwana, naweza. Ofisa alivua miwani, akamtazama kwa muda. Akasema atampa mwezi mmoja. Baada ya hapo si yeye tena, ni hakimu, na hakimu atamtaka baba mwenyewe.

Walirudi kwenye gari. Vumilia hakuwasha. Mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha juu ya kioo, na watu wenye suti walikuwa wakikimbia kuelekea mahakamani na magazeti vichwani.

"Niambie kitu kimoja," alisema. Baina yao walizungumza Kiingereza cha kuungaunga, kila mmoja na lafudhi ya kwao. "Yule daktari alipokuuliza yale maswali yake, kwa nini ulimwambia unaweza?"

Maricela alifikiri. "Aliuliza vizuri. Alikuwa na adabu sana. Bibi alisema mgeni akikuuliza hali, unasema nzuri. Usimpe mgeni matatizo yako abebe."

"Kwa hiyo ulidanganya yote."

"Si yote. Moja lilikuwa la kweli." Alitazama magoti yake. "Liliuliza, una hakika kiasi gani kwamba ukiwa na huzuni unaweza kuzungumza na mtu wa nyumbani. Nikaweka hakika kabisa. Naongea naye kila siku. Pale stesheni, kwa sababu pale hakuna anayeniangalia."

"Unaongea na nani?"

"Na bibi."

Vumilia alikuwa na uongo tayari. Ulikuwa umekaa mdomoni tangu Novemba: simu zimeharibika, nguzo zimeanguka, watatengeneza. Alifungua mdomo autoe.

"Amekufa," alisema Maricela. Alilisema kwa Kiswahili.

Mvua iliendelea. Vumilia alishika usukani ingawa gari lilikuwa limesimama.

"Nani amekuambia?"

"Wewe. Kwenye simu." Msichana hakuwa na hasira, alikuwa akieleza tu. "Neno bibi, najua. Ulikuwa unaniambia kila Jumapili, mpigie bibi. Amekufa, najua. Mzee wa kanisani amekufa, mama yake Honorata amekufa, kila siku kwenye simu amekufa. Halafu siku moja mwezi wa kumi na moja ukasema bibi yake amekufa. Ukaniangalia. Ndiyo nikajua ni wangu."

"Na hukusema?"

"Papá hakutaka nijue. Nilimheshimu."

Kisha, kama mwanafunzi anayetumia nafasi ya kuwa na mwalimu karibu, akauliza, "Mzigo, najua. Mzigo ni mimi. Gogo sijui. Gogo ni nini?"

Vumilia alikuwa mtu wa maneno. Alikuwa na jina la utani la kila mtu katika ibada ya Kiswahili, kuanzia mchungaji mpaka wapiga ngoma, na kila moja lilimkaa mwenye nalo. Sasa alitafuta neno lolote la kusogeza mbele, hakulipata.

"Ni mti," alisema hatimaye. "Mti uliokatwa, umelala chini."

Maricela alilipima neno hilo kimya kimya.

"Ndiyo," akasema. "Ni kweli."

*

Ovidio alikuwa akila. Vumilia alivuta sahani kutoka mbele yake, akaiweka kwenye sinki.

"Mama yako amekufa," alisema, "na mwanao anajua."

Kijiko kilibaki mkononi mwa mwanamume.

"Anajua tangu wiki ile ile. Amekuwa akikuficha wewe usijue kwamba anajua. Nyumba hii ina watu watatu, na wote watatu tumekuwa tunazunguka maiti mmoja tukijifanya hatumwoni."

"Nilitaka amalize mwaka wa shule."

"Kwa sababu ya shule?"

"Angelia. Angeacha masomo." Hata yeye alisikia alichokisema.

"Wewe ulilia?"

"Nilikuwa na kazi. Tulikuwa na ghorofa nne za kumaliza kule Bethesda."

"Mama yako alikufa, na wewe ukaenda kupaka ukuta wa mtu rangi ya krimu."

"Ningefanya nini? Nisingeweza kusafiri. Nikitoka sirudi. Maiti yenyewe ilizikwa na majirani, sijui hata wapi."

"Kwetu hata adui akifa watu wanakaa chini," alisema Vumilia. "Kwenu je?"

Ovidio alitazama mahali sahani ilipokuwa. "Siku tisa," alisema. "Watu wanakuja kusali siku tisa."

"Basi."

Walitoa kochi, wakalisimamisha ubavu koridoni, wakatandika magodoro sebuleni. Picha ya marehemu ilikuwa moja tu, mwanamke mfupi mwenye aproni ya mifuko mikubwa, anayemkunjia uso mpiga picha. Jina lake lilikuwa Tránsito. Wakamweka juu ya televisheni. Majirani wa Kisalvador walikuja na rozari zao, wakashangaa kidogo kuona msiba wenye chai ya tangawizi. Jumamosi wakaja watu wa ibada ya Kiswahili, na masinia ya pilau yaliyofunikwa karatasi ya fedha.

Honorata aliingia wa mwisho, amejifunga kanga mbili kichwani na begani, kwa sababu hakutaka kusemwa, hata katika msiba aliokuja kuusema.

"Msiba wa Novemba tunaulia Februari?" alimnong'oneza Vumilia mlangoni. "Kwani marehemu ni nani kwako?"

"Mama mkwe wangu."

"Hujamwona hata siku moja."

"Dada, kama umekuja kuuliza maswali, chakula kiko jikoni, kula uende. Kama umekuja msibani, godoro lile pale."

Honorata alikaa kwenye godoro. Alikaa kwa kishindo, lakini alikaa.

Aliyeanza kulia alikuwa Ovidio. Ilitokea katikati ya sala, bila taarifa, sauti mbaya ya mtu asiye na mazoezi, na wanaume wa Kisalvador wakatazama sakafu. Maricela alimgeukia baba yake kwa mshangao mkubwa. Alimtazama mpaka macho yake yakajaa, kisha akainama mbele, akalia kama anatapika, kwa mikupuo, mikono miwili imeshika tumbo. Wanawake wa Kitanzania hawakujua neno moja la sala iliyokuwa ikisaliwa, lakini kazi hii waliijua. Walimzunguka, wakamlaza, wakamshika miguu. Honorata ndiye aliyeshika kichwa.

Baadaye, jikoni, Jerotich, nesi wa Kikenya aliyekuja na kundi hilo, alimvuta Vumilia pembeni.

"Kulia ni sawa," alisema. "Lakini usidhani imeisha. Huyu mtoto ni mgonjwa, ati. Huzuni ikikaa hivyo huwa inageuka ugonjwa. Kuna kliniki ya kanisa huko Adelphi, wako na mshauri wa kuongea Kispanish. Haina mambo ya kusubiri kiangazi. Alhamisi niko off, nitawapeleka."

"Na ofisi ya Upper Marlboro?"

"Watakuandikia barua. Si kazi ngumu kuandika barua."

Majira yale yale Dakta Whitlock alisimama mbele ya wataalamu wenzake katika hoteli moja mjini, akawaonyesha mchoro wa matokeo yake. Alama za Maricela zilikuwa nukta ya juu kabisa, peke yake, na daktari aliizungushia kijiti chake, akasema kijana kama huyu anatufundisha nguvu ya familia ya Kilatino. Walimpigia makofi.

*

Jumatatu baada ya siku ya tisa Maricela hakuamka. Vumilia, aliyekwisha kuvaa nguo za kazi, alisimama mlangoni mwa chumba, akaona umbo chini ya blanketi, na maneno ya zamani yakaja yenyewe mpaka kwenye meno. Akayameza. Akapiga simu kliniki ya macho.

"Leo siji. Nimefiwa."

"Pole sana," alisema msimamizi wake. "Nani?"

"Mama wa mume wangu."

"Lini?"

"Novemba."

Msimamizi akasema kwamba kwa hali hiyo hataweza kumhesabia likizo ya msiba, itakuwa ni kukosa kazi tu. Vumilia alisema hesabu unavyotaka. Akavua viatu, akakaa mezani na gazeti.

Saa nne zilikuwa zimepita aliposikia mlango wa chumba. Maricela alipita mbele yake akiwa amevaa soksi, nywele zimesimama, akaingia jikoni bila kusema habari za asubuhi. Akafungua kabati. Akatoa unga, ule mweupe wa mahindi ambao Vumilia aliununua gunia zima kule Langley Park, akamimina kwenye bakuli, akatia maji na chumvi. Akaanza kukanda. Akachukua donge, akalipiga kati ya viganja ili liwe duara la chapati ya mahindi, kama wanavyofanya wanawake wa kwao. Donge likakatika. Akachukua jingine. Likakatika. La tatu lilimwangukia mguuni.

"Huu unga ni takataka," alisema.

Vumilia alishusha gazeti.

"Haushikani. Ni mchanga. Mtu gani ananunua unga kama huu?" Alikuwa anazungumza Kiingereza, na katikati akachanganya Kihispania, na hakuwa anamwangalia mtu. "Mahindi lazima uyachemshe kwanza na chokaa. Bibi angetupa huu kwa kuku. Hapana, hata kuku hangewapa. Na hili kaango limebonyea. Na jiko lina mafuta. Unapikaje hapa?"

"Napika hivyo hivyo," alisema Vumilia.

"Ndiyo maana chakula chako hakina ladha," alisema Maricela. "Tangu nimekuja hakina ladha."

Katika nyumba ya Vumilia hapakuwahi kutokea mtu wa kumwambia hivyo akabaki amesimama. Ovidio mwenyewe asingethubutu. Alihisi damu ikimpanda usoni. Msichana aligeuka, bakuli kifuani, uso umekunjwa, unga kwenye kidevu, akamtazama moja kwa moja machoni bila heshima yoyote.

"Duka lenye unga unaofaa liko wapi?" aliuliza Vumilia.

"Nitakuonyesha. Usinunue peke yako, utanunua mbaya."

"Basi vaa viatu."

"Kwanza ninaosha hili kaango," alisema Maricela, "maana ni aibu," na akafungulia maji. Vumilia alimsogezea sabuni, akarudi kukaa, akasubiri.